Bendera ya tuzo haisemi kwamba shule imezishinda nyingine zote

Wazazi wengi nchini Marekani, wanapoiona bendera ya National Blue Ribbon Schools, tuzo ya kitaifa ya shule bora, ikipepea mbele ya shule ya umma, huamini kwamba shule hiyo imepimwa dhidi ya shule zote za wilaya yake na kuzishinda. Sivyo. Mpango huo, ulioanzishwa na serikali kuu mwaka 1982, haukuwa mashindano ya wazi: shule za umma zilipendekezwa na mkuu wa elimu wa jimbo, kila jimbo likiwa na nafasi zake maalumu, hivyo shule nzuri ingeweza kukosa kwa sababu tu nafasi zimejaa. Isitoshe, katika miaka ya karibuni palikuwa na njia mbili za kuipata: kupata matokeo ya juu ya mitihani, au kupunguza pengo la ufaulu kati ya makundi ya wanafunzi. Njia hii ya pili husahaulika, ingawa kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa iliheshimu juhudi za kuwainua watoto walioachwa nyuma hata pale ambapo wastani wa shule haukuwa kileleni mwa jimbo. Wala tuzo hiyo haikuthibitisha ubora wa kila mwalimu; walimu hutambuliwa kwa taratibu nyingine, ikiwemo ile ya Mwalimu Bora wa Taifa, iliyoanza mwaka 1952.