Kujitolea kwenye Michezo Mikubwa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Kujitolea Paralimpiki ni kwenda kuwahurumia walemavu."

Dhana hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Mwanamichezo hafiki Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, kwa kuhurumiwa. Amefuzu kwa viwango na amekuja kutafuta medali. Mkumbuke Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, pale Sydney mwaka 2000. Kwenye mbio za mita 5,000, mkimbiaji mwenzake aliyekuwa akimwongoza njia, aliyedhoofishwa na malaria, aliishiwa nguvu, na Wanyoike ndiye aliyemkokota hadi kumaliza mbio na kutwaa dhahabu.

Kwa hiyo anayejitolea huenda kufanya kazi, na kazi hiyo ina adabu zake. Usisukume kiti mwendo cha mtu wala kukiegemea bila ruhusa yake. Uliza kwanza, na akikataa, mwache aendelee na safari yake. Asiyeona havutwi mkono. Mtolee kiwiko akishike mwenyewe. Kiziwi akiwa na mkalimani wa lugha ya alama, mtazame kiziwi na uzungumze naye yeye. Ni mambo madogo, lakini wengi wetu hatukufundishwa nyumbani wala shuleni.

"Mwenye ulemavu ni wa kuhudumiwa tu."

Si kweli hata kidogo. Kwenye Olimpiki na Paralimpiki za London 2012 na Paris 2024 walikuwapo watu wenye ulemavu waliojitolea kama wengine. Kama njia haipitiki kwa kiti mwendo, anayekitumia kila siku huligundua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Na tangu Manchester 2002, Michezo ya Jumuiya ya Madola imewaweka wanamichezo wenye ulemavu na wasio na ulemavu kwenye ratiba moja, medali zao zikihesabiwa pamoja. Anayejitolea huko huwahudumia wote.

"Utatazama fainali bure."

Wengi hawaoni hata mchezo mmoja. London ilitumia watu wapatao 70,000 wa kujitolea: kuelekeza mashabiki, kukagua vitambulisho, kuendesha magari, kutafsiri, kumsindikiza mwanamichezo anayekwenda kupimwa dawa zilizokatazwa. Ukipangwa getini, utasikia uwanja ukilipuka kwa shangwe huku umeupa mgongo. Usitegemee pia kupiga selfi na nyota ukiwa kazini. Mimi naona bado inafaa kwenda, mradi ujue unakwenda kutumika.

"Waandaaji hulipa kila kitu."

Paris walitoa sare, chakula siku za zamu na usafiri wa umma wa mjini. Nauli ya kufika Ufaransa na mahali pa kulala vilikuwa juu ya mwenyewe. Kwa kijana wa Mwanza au Kisumu hicho ni kikwazo kikubwa, na si haki kumficha.

"Ukijaza fomu, umepata."

Paris ilihitaji watu 45,000. Waliojaza fomu walizidi 300,000. Eleza unachokiweza hasa: lugha unazozungumza, leseni ya udereva, huduma ya kwanza, lugha ya alama. Kiswahili nacho kiandike, maana timu za kwetu huhitaji wakalimani.

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2027, na nafasi za namna hii zikitangazwa, matapeli nao hujitokeza. Fomu itafute kwenye tovuti rasmi ya mashindano. Anayekudai "ada ya usajili" kwa simu, usimtumie hata shilingi.