Ottla Kafka na cheti cha ndoa

Nafundisha historia ya Vita vya Pili vya Dunia, na nimejionea mara nyingi kwamba ukimtajia mwanafunzi Wayahudi milioni 6 waliouawa, anaandika namba kwenye daftari na kusubiri sentensi inayofuata. Siku hizi naanza na kaburi moja.

Liko Praha, mji mkuu wa Ucheki, kwenye makaburi mapya ya Wayahudi eneo la Strašnice. Amezikwa hapo mwandishi Franz Kafka, aliyefariki kwa kifua kikuu Juni 3, 1924, pamoja na baba yake Hermann (1931) na mama yake Julie (1934). Kuna pia kibao chenye majina ya dada zake watatu: Elli, Valli na Ottla. Hao hawamo kaburini. Waliuawa, na hawana makaburi.

Ukitaka kuelewa kwa nini watatu hawa hawakuchukuliwa siku moja, angalia vyeti vya ndoa. Elli na Valli waliolewa na Wayahudi. Ottla, kitinda mimba, aliyezaliwa 1892, aliolewa mwaka 1920 na Josef David, Mcheki Mkatoliki. Baba yake hakuipenda ndoa hiyo. Franz alimuunga mkono, kama alivyokuwa akimuunga mkono tangu zamani, na Ottla alimlipa kwa vitendo: ndiye aliyekodi kinyumba kimoja karibu na Kasri la Praha ambamo kaka yake aliandika hadithi majira ya baridi ya 1916 na 1917, na ndiye aliyempokea shambani katika kijiji cha Zürau kwa miezi minane baada ya ugonjwa wake kugunduliwa.

Wajerumani waliiteka Praha Machi 1939, na muda si mrefu sheria zao za ubaguzi zikaanza kutumika huko. Sheria hizo hazikuuliza unasali wapi wala kama unasali. Zilihesabu babu na bibi zako: ukiwa na watatu au wanne wa dini ya Kiyahudi, basi wewe ni Myahudi. Mwenye ndoa ya mchanganyiko alidhalilishwa vilevile, lakini zamu yake ya kusafirishwa iliahirishwa, kwa sababu utawala ulihofia manung'uniko ya wakwe na jamaa wasio Wayahudi. Ahirisho hilo lilidumu kwa wengi hadi mwanzoni mwa 1945.

Elli na Valli hawakuwa na kinga hiyo. Kati ya Oktoba 16 na Novemba 3, 1941, treni tano ziliondoka Praha kwenda geto (mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa) la Łódź, Poland, kila moja na watu wapatao 1,000. Kila mtu aliruhusiwa kilo 50 za mizigo, akakabidhi funguo za nyumba na orodha ya mali yake. Elli aliondoka na treni ya Oktoba 21. Valli na mumewe siku kumi baadaye. Kati ya watu hao 5,000, waliomaliza vita wakiwa hai hawakufika 300. Mwaka 1942 wakazi wengi wa geto walipelekwa kambi ya mauaji ya Chełmno, ambako watu waliuawa kwa moshi wa injini ulioelekezwa ndani ya malori yaliyofungwa. Wanahistoria wanaamini Elli na Valli walifia huko.

Ottla alibaki Praha na binti zake wawili, Věra na Helena. Halafu yeye na Josef wakatalikiana. Wapo wanaosema alifanya hivyo ili mume asipoteze kazi na watoto wasiguswe. Wapo wanaosema ndoa ilikuwa imeshachakaa. Sioni kwamba sababu moja inaifuta nyingine. Ninachosisitiza darasani ni maana yake kisheria: siku talaka ilipokamilika, kinga iliondoka. Mabinti, wenye babu na bibi wawili Wayahudi, walibaki na baba yao. Agosti 1942 mama yao alipelekwa Terezín, mji wa ngome uliogeuzwa geto, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Praha.

Hapa ndipo huwa napunguza mwendo. Agosti 24, 1943 treni iliingia Terezín ikiwa na watoto karibu 1,200 kutoka geto la Białystok, Poland, lililokuwa likiangamizwa wiki hiyohiyo. Walikuwa wachafu, wamekonda, wengine pekupeku. Walipopelekwa kuoga waligoma, wakashikana, wakapiga kelele: gesi! Watu wazima wa Terezín hawakuelewa. Watoto wale walikuwa wanajua jambo ambalo wakubwa walikuwa hawajaambiwa: kwamba Wayahudi waliuawa kwa gesi kwenye vyumba vilivyodaiwa kuwa bafu.

Walitengwa kwenye mabanda ya mbao nje ya kuta, na ilikatazwa kuzungumza nao isipokuwa kwa madaktari na walezi waliowekwa kwa kazi hiyo. Ottla alikuwa miongoni mwa walezi. Watoto walilishwa vizuri kuliko watu wengine wa geto, na habari zikaenea kwamba watapelekwa nje ya nchi, kwenye usalama. Zilipopita wiki sita, safari ikatangazwa, na Ottla akajitolea kuwasindikiza. Oktoba 5, 1943 treni iliondoka na watoto pamoja na watu wazima 53. Ilielekea kambi ya mauaji ya Auschwitz. Oktoba 7 wote waliuawa kwa gesi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: je, Ottla angekwenda kama angejua treni inaelekea wapi? Nilimjibu kwamba mlezi wa watoto wale aliishi nao wiki sita, usiku na mchana, na watoto huongea wakishakuzoea.

Věra na Helena walinusurika. Barua na postikadi ambazo mjomba wao Franz alimwandikia mama yao zilibaki mali ya familia hadi mwaka 2011, zilipouzwa kwa pamoja kwa Maktaba ya Bodleian ya Oxford na Hifadhi ya Fasihi ya Ujerumani iliyoko Marbach. Ziko huko mpaka leo, na jina lililoandikwa upande wa anwani ni la Ottla.