Waandishi wa Burundi uhamishoni: yanayosemwa na yaliyopo

"Walikuwa upande wa mapinduzi, ndiyo maana wakakimbia."
Tarehe zinalikataa dai hili. Bob Rugurika, mkurugenzi wa redio binafsi ya RPA (Radio Publique Africaine), alitiwa ndani Januari 2015, miezi minne kabla ya jaribio la kumpindua Rais Pierre Nkurunziza. Alikuwa amerusha hewani sauti ya mtu aliyedai kushiriki mauaji ya watawa watatu wa Kiitalia kule Kamenge, Bujumbura. Alipoachiwa Februari, watu walijaa barabarani kumpokea. Mei, jaribio liliposhindwa, stesheni za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa, na waandishi wengi wakavuka kwenda Kigali. Rema FM, ya upande wa chama tawala, nayo haikupona. Hiyo ilivamiwa na waliompinga Nkurunziza. Sitasema kwamba vipindi vinavyorushwa kutoka uhamishoni havina uchungu ndani yake. Aliyechomewa studio ataupeleka wapi?

"Aliye Kigali atajuaje ya Bujumbura?"
Atajua kwa simu. Mitambo iliharibiwa, lakini namba za watu zilibaki vichwani. Ndivyo vilivyofanya kazi vyombo vya waandishi hao, Radio Inzamba na SOS Médias Burundi: taarifa fupi, faili la sauti, WhatsApp. Mwenye bando anapakua, anamrushia shemeji, shemeji anawasikilizisha wa nyumbani, kisha linafutwa.

Kazi kubwa iko kabla ya hapo. Mtu anapiga simu: kuna maiti mtoni. Mto gani, daraja lipi, nani mwingine ameona? Mhariri anatafuta mtu wa pili asiyefahamiana na wa kwanza, kisha anaondoa kwenye taarifa kila kitu kitakachowafanya majirani waseme "huyu ni fulani." Mara nyingi kinachoondolewa ndicho kilichokuwa kitamu zaidi. Jina la mwandishi linajulikana, naye yuko mbali. Anayeweza kugongewa mlango usiku ni yule aliyepiga simu.

"Akishavuka mpaka, yuko salama."
Februari 2021 ilitangazwa Bujumbura kwamba waandishi kadhaa walio uhamishoni wamehukumiwa kifungo cha maisha bila wao kuwepo mahakamani. Mwezi uliofuata Rwanda, iliyokuwa ikitengeneza uhusiano na Burundi, ikaziambia RPA, Inzamba na Renaissance zisitishe matangazo kutoka kwake. Majirani walipogombana, redio hizi zilivumiliwa. Walipoanza kupatana, zikawa gharama ya mapatano.

"Waliobaki walikubaliana na serikali."
Waulize gazeti la Iwacu la Bujumbura. Mwandishi wao Jean Bigirimana alitoweka Julai 2016 na hajaonekana tena. Oktoba 2019 wengine wanne walikamatwa wakifuatilia mapigano Bubanza, wakatoka kwa msamaha wa rais Desemba 2020. Mwanzilishi wa gazeti hilo, Antoine Kaburahe, alikimbilia uhamishoni, na tangu 2017 hadi 2022 msomaji aliyekaa Bujumbura, hatua chache kutoka chumba cha habari, alilazimika kutafuta njia za panya mtandaoni ili aifungue tovuti yao.