Rubani wa Meli: Ni Nani, na Anafunzwaje?

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupanda ndege. Rubani wa meli ni baharia mzoefu anayepanda chombo kinapokaribia bandari, mto au mfereji, akakiongoza hadi gatini. Nahodha anaijua meli yake. Rubani anayajua maji. Hata hivyo dhamana ya meli hubaki kwa nahodha, isipokuwa sehemu chache kama Mfereji wa Panama.

Sheria za kumpa mtu leseni hutofautiana kwa kila nchi, ila Azimio A.960 la Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), la mwaka 2003, ndilo mwongozo wa jumla. Bandari nyingi hutaka uwe na cheti cha nahodha. Hicho chenyewe ni safari ndefu: kwa meli za tani 3,000 na zaidi, mkataba wa STCW, yaani mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unadai miezi 36 ya kazi ya ofisa wa zamu, ambayo hupungua hadi 24 ikiwa miezi 12 kati yake ulikuwa ofisa mkuu.

Na hicho ni kiingilio tu. Mwanagenzi husafiri na marubani wenye leseni, akiingia na kutoka, usiku na mchana, maji yakijaa na yakipwa. Vina, maboya, taa na mikondo lazima vikae kichwani. Kwingine mtihani ni kuchora ramani ya bandari bila kutazama popote. Hujifunza pia kwa nini meli hugusa chini mahali ambapo ramani inaonyesha maji yanatosha: ikienda kwenye maji machache hudidimia, na kasi ikiongezeka mara mbili, kudidimia huko huongezeka kama mara nne. Mambo haya huzoezwa kwenye simuleta, yaani mtambo unaoiga uendeshaji wa meli, au kwa meli ndogo za mfano zinazoendeshwa ziwani, kama kwenye kituo cha Port Revel, Ufaransa.

Afya hupimwa kwa makini, maana kazi huanzia kwenye ngazi ya kamba iliyoning'inizwa ubavuni mwa meli inayotembea. Kimo cha kupanda kutoka majini kikizidi mita 9, lazima iunganishwe na ngazi ya pembeni. Kamba chakavu au iliyofungwa vibaya imeua marubani wengi.

Leseni ya kwanza huwa ya meli ndogo, kisha hupandishwa kwa urefu au kina cha chombo. Haihami: ukibadili bandari, unarudi kuwa mwanagenzi.