Tiba ya kinga kwa ugonjwa wa Alzheimer, maana yake nini hasa

Bibi yangu wa Igoma, Mwanza, ameuza dagaa soko la Mwaloni miaka mingi, hesabu zote kichwani, afu ikaanza taratibu, mara amrudishie mteja chenji mara mbili, baadae akawa hajui hata daladala ya kurudi nyumbani. Majirani wakasema uzee, wengine wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi, na huku Usukumani tunajua manong'ono kama hayo yamewafikisha wapi bibi zetu. Daktari ndo akatwambia ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu taratibu.

Tangu hapo nikisikia "tiba ya kinga" nasimama kusikiliza, na wengi naona wanadhani ni vidonge vya kuongeza kinga kama vile vya kutembezwa stendi. Sio hivo kabisa.

Kwenye ubongo wa mgonjwa kuna protini inaitwa amiloidi-beta inajikusanya nje ya seli inaganda mabonge mabonge, na ndani ya seli kuna nyingine inaitwa tau inajisokota kama nyuzi. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza mambo haya mawili mwaka 1906. Sasa chukua magugu maji ya ziwa letu, yakifunga mwalo mtumbwi hautoki. Miaka ya 90 wakaletwa mbawakawa wadogo ambao chakula chao ni gugu lile, mahindi ya mtu hawana habari nayo. Tiba ya kinga ni akili hiyohiyo: inatengenezwa maabara kingamwili, yani protini kama zile mwili unazotumia kumtambua adui, inayoitambua amiloidi na kuing'ang'ania, afu seli walinzi wa ubongo, maikroglia, zinaona ile alama zinakuja kuimeza. Mgonjwa anawekewa kwa dripu.

Mwanzo walitaka iwe chanjo, mwili utengeneze kingamwili wenyewe. Kwa panya mwaka 1999 ilileta matumaini makubwa, ila kwa watu jaribio likasimamishwa 2002 maana karibu asilimia 6 ya waliochanjwa ubongo na utando wake vilipata uvimbe. Na ugumu wa chanjo ni kwamba kinga ikishaamka huna pa kuizimia, wakati dripu ukiona hatari unaacha, dawa inapungua yenyewe mwilini. Ndo maana njia ya dripu ikatangulia.

Dawa zilizopata kibali kamili Marekani ni lecanemab 2023, mwanzoni dripu kila baada ya wiki 2, na donanemab 2024, kila wiki 4. Hapa naomba tuelewane vizuri: hazirudishi kumbukumbu. Lecanemab kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kudidimia kwa asilimia 27 ukilinganisha na waliopewa dripu isiyo na dawa, yani mgonjwa bado anashuka ila polepole zaidi. Na zina hatari, ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu kidogo kidogo, hasa kwa aliyerithi APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, toka kwa baba na mama, kwahiyo lazima picha za ubongo za MRI za kurudiarudia. Bei lecanemab ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka.

Halafu ni za hatua za mwanzo tu, kwasababu bonge linaweza kuondolewa ila seli iliyokufa ndo imekufa. Bibi yangu hatua hiyo aliipita siku nyingi, sisi tukiwa bado tunasema ni uzee.