Yungiyungi kwenye pipa: kinacholiua huku kwetu ni chumvi, si jua

Kaskazi ikishika tu simu yangu haipoi, na maneno ni yale yale, fundi yungiyungi langu linaungua na jua, njoo uniwekee kivuli. Jamani, hili ua la majini linataka jua, masaa matano sita kila siku kwa uchache, ukiliweka chini ya muembe utapata majani matupu. Kinachobabua majani huku Malindi na Lamu mara nyingi ni chumvi.

Visima vyetu vingi maji yake yana chumvichumvi, hata sabuni inakataa kutoa povu. Sasa wewe umejaza pipa, jua na upepo vinakausha maji lakini chumvi haiendi popote, inabaki mle mle, unaongeza tena maji ya kisima, kesho kutwa tena, mpaka pipa linakuwa na chumvi kuliko kisima chenyewe. Utaona jani linageuka kahawia kuanzia ukingoni, na majani mapya yanatoka madogomadogo kama yamedumaa. Hapo usiongeze kitu, mwaga kama nusu ya maji ujaze ya mvua, na ndio maana mtu mwenye jabia, lile tangi la kukingia maji ya mvua, nyumbani namuonea wivu kabisa. Ya bomba pia yanafaa ila yaache wazi siku moja mbili klorini itoke.

Udongo uwe mfinyanzi mzito. Mimi nachukua wa mto Sabaki, lakini juu huko, sio karibu na mdomo ambako bahari inaingia. Mchanga wa ufuoni usithubutu. Na samadi ya punda, najua Lamu unaikuta bure mlangoni, lakini ndani ya maji inaoza, inanuka, na maji yanakuwa kijani kama mchuzi wa mchicha. Ukitaka mbolea chukua kijiko cha NPK, ile mbolea ya dukani, funga kwenye kipande cha gazeti, kisukume kwa kidole mpaka kule chini kwenye mizizi, mara moja kwa mwezi inatosha.

Kwa chombo, pipa la bluu la plastiki lililokatwa nusu halina mpinzani, alafu ndani yake unaweka karai pana lenye udongo. Kile kiazi cha yungiyungi ukipande ila kichwa chake kibaki juu, ukikizika chote kinaoza, tandaza na kokoto zilizooshwa. Anza na maji sentimita 15 juu ya udongo, likishika vizuri ongeza hadi 30 hivi. Wenye kujengewa kidimbwi cha simenti, simenti mpya inatoa chokaa, kwa hivyo jaza umwage mara kadhaa kabla ya kupanda. Na wakati wa kusi tafuta mahali ukuta unapokinga upepo manake halipendi kurushwarushwa na maji.

Mbu sasa, hili ndilo linalowatia watu woga. Wazee wa Lamu walishalimaliza zamani, kwenye birika za msalani, yale matangi ya maji ya kujengewa, walifuga visamaki vinavyokula viluwiluwi, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Fanya vivyo hivyo, tia samaki wadogo wa gapi wachache. Perege usitie, atafukua udongo wote na majani atayala.

Ua likifunguka siku ya kwanza hebu chungulia katikati, utaona kama kikombe kina majimaji. Kadudu kenye chavua ya ua jingine kanateleza mle, chavua inaoshwa, na saa nyingine maskini hakatoki tena. Kesho yake majimaji hayapo, ni vumbi la njano tu, na nyuki anaingia na kutoka bila wasiwasi. Siku tatu nne ua limezama zake.

Watu wananitumia picha za yale ya Ulaya, waliyochanganya mbegu wakuzaji maua kina Latour-Marliac kule Ufaransa karne ya 19 ili yahimili baridi. Mazuri, lakini kwa joto letu mimi siyahangaikii, tunayo ya kwetu. La bluu, Nymphaea nouchali, linafunguka asubuhi na alasiri limeshafunga. Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa kutoka kazini magharibi, chukua jeupe, Nymphaea lotus, lenyewe linafunguka jioni na kukesha mpaka asubuhi, utalikuta hata ukichelewa.