Dimensia na kupotea kwa ari: kwa nini mzee anakaa tu

Mzee mwenye dimensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anayetoka usiku na kupotea njia hupelekwa hospitali kesho yake asubuhi. Yule anayeshinda kwenye kiti, haombi chakula wala haulizi habari za mtu, husifiwa kwamba ametulia. Akizidi hapo ndipo anaanza kusemwa: mvivu, anadeka, ametususa. Majirani nao wana maelezo yao, karogwa, au pombe ya ulanzi ya ujanani ndiyo inadai. Kumbe anachoonyesha ni dalili ya ugonjwa wenyewe, tena ni mojawapo ya dalili zinazoonekana sana. Tafiti nyingi zikijumlishwa, huikuta kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia inayoonekana zaidi.

Madaktari huiita apathia. Ni kupotea kwa ari: ule msukumo wa ndani unaomfanya mtu aanze jambo mwenyewe umepungua kuliko ulivyokuwa kwake zamani. Hayo ya "kwake zamani" yasipuuzwe. Wapo watu waliozaliwa wakimya, na kuna babu ambaye tangu ujana wake salamu tu ilikuwa inamtosha. Huyo si mgonjwa. Vigezo vya kitaalamu vilivyopitiwa upya mwaka 2018 vinataka mabadiliko yaliyodumu walau wiki 4, na yaonekane katika angalau mawili kati ya maeneo matatu: kuanzisha na kufuatilia shughuli, kuguswa na mambo, na kuchangamana na watu.

Chukua bibi wa kijiji cha jirani na Tukuyu. Miaka yote alikuwa wa kwanza kuamka, akichuma chai na kuimba kwaya ya akina mama. Sasa anakaa jikoni karibu na moto, chai imepoa kikombeni, na mkungu wa ndizi uko miguuni pake haujaguswa. Ukimuuliza, "Bibi, utamenya ndizi leo?" anajibu, "Nitamenya," na hainuki. Mjukuu anakuja kumwambia kafaulu darasa la saba, anasema, "Haya." Lakini mkwe wake akikaa naye, akamwekea kisu kwenye mkono mmoja na ndizi kwenye mwingine, anamenya vizuri kabisa, ganda linatoka bila kuacha nyama. Akifika ya nne anasimama, kisu mkononi. Akisogezewa nyingine anaendelea.

Hapo ndipo familia huchanganyikiwa. Kama anaweza, kwa nini hafanyi? Wengi wanahitimisha kwamba ni makusudi. Mimi naona swali lenyewe ndilo linatupoteza, maana linachukulia kwamba kuweza na kuanza ni kitu kimoja. Kwenye ubongo ni kazi mbili, na ugonjwa unaweza kuharibu moja ukaiacha nyingine.

Ili mtu aanze jambo, sehemu kadhaa za ubongo lazima zipokezane taarifa. Katikati ya ubongo wa mbele kuna eneo linaloitwa singulati ya mbele, linalopima kama jambo linafaa kusumbukiwa. Taarifa zinashuka hadi kwenye striatamu, iliyo ndani zaidi, ambako thamani ya kitu inaunganishwa na uamuzi wa kutenda, dopamini, kemikali ya ubongo, ikisaidia. Kisha zinapita thalamasi, kituo cha kupokezana taarifa katikati ya ubongo, na kurudi mbele. Wanasayansi Alexander, DeLong na Strick walieleza mizunguko ya namna hii mwaka 1986. Huo wa ari ni mmoja tu kati yake. Mwingine unashughulika na mwendo wa mwili. Ndiyo maana mikono ya bibi ni mizima wakati ari imekwisha.

Mtu wa Iringa hahitaji maelezo marefu kuelewa kinachoharibika. Lori likipinduka kwenye mlima wa Kitonga na kuziba njia, nyanya za Ilula zipo, wanunuzi wa Dar es Salaam wapo na pesa wanazo, lakini hakuna mzigo unaofika. Ukakague shamba, ukakague soko, kote utakuta kuzima.

Muunganiko wa ubongo, basi, ni namna sehemu hizo zinavyofikiana, na hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutazama njia zenyewe: nyuzi za neva zilizofunikwa kwa mafuta, zinazounda sehemu nyeupe ya ubongo. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hufuatilia maji yanavyosogea kando ya nyuzi hizo. Zikiwa nzima, maji hufuata mwelekeo mmoja, zikichakaa, yanatawanyika. Ya pili ni kutazama mazungumzo. Mtu hulala ndani ya mashine bila kufanya lolote, na damu yenye oksijeni inapopanda na kushuka, wataalamu hutafuta sehemu zinazopanda na kushuka pamoja. Mwaka 1995 mtafiti Bharat Biswal na wenzake walionyesha kwamba sehemu zinazoendesha mkono wa kulia na wa kushoto hufanya hivyo hata mtu akiwa ametulia.

Kwa wagonjwa wa dimensia waliopoteza ari, picha za aina zote mbili zimeonyesha mara kwa mara muunganiko uliolegea, hasa kuhusu singulati ya mbele na njia zake kwenda sehemu za ndani. Tusizipe picha hizo uzito zisiokuwa nao, lakini. Zinalinganisha kundi na kundi. Hakuna daktari, awe Mbeya au London, atakayetazama picha ya bibi mmoja na kusema ari yake ilikatikia hapa. Kupotea kwa ari bado kunatambuliwa kwa kumsikiliza anayeishi na mgonjwa.

Kisa kilichonifungua macho kuliko picha zote ni cha mgonjwa wa kiharusi aliyeandikwa na wataalamu wa ubongo Damasio na Van Hoesen mwaka 1983. Eneo hilohilo la katikati ya ubongo wa mbele lilikuwa limeumia. Alikaa bila kusema wala kuonyesha hisia. Alipopata nafuu alieleza kwamba mazungumzo alikuwa akiyafuata, ila hakuwa na la kusema. Kichwani palikuwa patupu. Hakuwa na dimensia, lakini maelezo yake ni karibu zaidi tunavyoweza kufika kwa wale wasioweza kujieleza tena.

Dimensia haifiki hapo kwa njia moja. Kwenye Alzheimer, protini zinazojikusanya huharibu seli na viunganishi vyake polepole. Kwenye ile inayoshambulia ubongo wa mbele, ari inaweza kupotea mapema, kumbukumbu zikiwa bado nzuri, na mtu akaachwa na mwenzake kwa sababu ya "tabia". Ile ya mishipa ya damu ndiyo ningependa wasomaji wa Nyanda zetu za Juu Kusini waikumbuke, kwa sababu presha ya kupanda iliyoachwa miaka bila dawa, na kisukari pia, hudhuru mishipa midogo inayolisha sehemu nyeupe ya ubongo. Nyuzi zinakufa njaa kidogo kidogo bila kiharusi kikubwa cha kumshtua mtu. Kupima presha kwenye zahanati ya kijiji ni sehemu ya habari hii. Na asikudanganye mtu kwamba dimensia ni ya Wazungu: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliikuta kwa takribani asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri.

Kupotea kwa ari huchanganywa mno na sonona. Mwenye sonona anaumia: analia, anajilaumu, anasema afadhali afe. Aliyepoteza ari haumii hivyo; ukimuuliza kama ana huzuni atakwambia hapana, na ni kweli. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana daktari anahitajika. Kutofautisha kuna faida, kwa sababu dawa za sonona kwa kawaida hazirudishi ari, na baadhi zinaweza kuipunguza zaidi.

Nyumbani, ukishaelewa kwamba kilichokatika ni kuanza, unabadilisha namna ya kusema. Swali la "ungependa nini?" linamdai aanzishe, na hicho ndicho hana. Mwambie, "Bibi, shika hii," na wewe shika yako, mkae mmenye pamoja. Kazi iwe ile aliyoizoea: kuchambua maharage, kukunja kanga, kupukuchua mahindi. Nyimbo za kwaya aliyoiimba zinaweza kumwamsha kuliko redio inayopiga chochote. Iwe saa ileile kila siku, kwa muda mfupi. Akisimama, mwanzishie tena bila kumgombeza. Hata maji na chakula vinahitaji kupelekwa mkononi, kwa sababu anaweza kukaa na kiu asiombe. Na anayefanya haya, mara nyingi ni binti au mkwe mmoja, apokewe zamu. Kuhudumia mtu asiyekuambia hata asante kunachosha kuliko kuhudumia mkali.

Dawa zipo kwenye majaribio. Jaribio la Marekani na Kanada lililochapishwa mwaka 2021, lenye wagonjwa 200 wa Alzheimer, lilikuta methylphenidate, dawa ya kuchangamsha ubongo, ikiongeza ari kwa kiasi fulani. Ni dawa inayodhibitiwa, yenye madhara kwa moyo na usingizi, si ya kuulizia duka la dawa.

Ukimpeleka hospitali, usiseme tu "hafanyi chochote". Taja alichokuwa akifanya mwaka jana ambacho sasa hafanyi, dawa zote anazomeza, na kama anasikia vizuri, kwa sababu uziwi, upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea vinaweza kumfanya mzee aonekane hivyohivyo na vinatibika. Na kama ukimya umeingia ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje wiki 4: huenda ni maambukizi au kiharusi, apelekwe siku hiyohiyo.